Utangulizi na hitimisho la insha: nianzie wapi, niishie wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Narisiti Kiswahili cha kidato cha nne mwaka huu kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana nauza duka, usiku nasoma. Hoja za vitabu nazijua, na nikiulizwa kwa mdomo najibu vizuri. Lakini kila insha ninayoandika tuisheni inarudi na maneno yale yale kwa wino mwekundu: juu "utangulizi dhaifu", chini "umerudia". Mwalimu mmoja alinifundisha nianze na maana ya fasihi, mwingine akasema nianze na methali, na kaka yangu aliyeko chuo anasema nianze na historia ya mwandishi. Kuhusu hitimisho niliambiwa ni muhtasari wa hoja, ila nikifupisha hoja naambiwa nimerudia. Naomba unisaidie: insha inaanzaje, inaishaje, na utangulizi uwe mrefu kiasi gani?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kurudi kwenye kitabu. Kusimama dukani kutwa nzima kisha usiku ukashika kalamu kunahitaji moyo.

Umesema jambo moja ambalo nataka tuanze nalo: ukiulizwa kwa mdomo unajibu vizuri. Hebu jisikilize unavyojibu. Mteja akikukuta na kitabu mezani akakuuliza, "Hivi huyu Ngoswe wa kwenye tamthiliya kosa lake lilikuwa nini hasa?", huwezi kumwambia kwamba fasihi ni sanaa itumiayo lugha kufikisha ujumbe kwa hadhira iliyokusudiwa. Utamwambia, "Alitumwa kuhesabu watu, akamfuata binti wa mwenyeji wake, kazi ya serikali ikateketea." Hapo umeshajibu. Akitaka zaidi atauliza, nawe utamfafanulia moja baada ya jingine.

Sentensi ile ya kwanza uliyomwambia mteja ndiyo utangulizi. Utangulizi wa insha ya mtihani ni jibu fupi la swali, lililotolewa mapema ili msomaji ajue umesimama wapi kabla hujaanza kumletea ushahidi. Kinachokuangusha ni kwamba ukishika kalamu unaliacha jibu hilo, unaanza na maneno uliyoyakariri, na jibu lenyewe unalifikia ukurasa wa pili.

Maana ya fasihi uliyofundishwa imo katika madesa yote, na ndani yake hamna kosa. Tatizo lake ni kwamba inafaa kila swali. Sentensi inayoweza kukaa juu ya insha ya tamthiliya, ya ushairi na ya vitendawili bila kubadilishwa hata neno moja, bado haijaligusa swali lolote kati ya hayo. Nimesahihisha insha za wanafunzi kwa miaka mingi, na naweza kukuambia kinachotokea: msahihishaji anaitambua sentensi hiyo kabla hajaimaliza, macho yanateleza kwenda chini yakitafuta mahali ambapo swali lake limeguswa. Likiguswa mstari wa saba, mistari sita imekwenda bure, na muda wako umekwenda nayo.

Kwa hiyo kabla ya kuwaza utangulizi, rudi kwenye swali lenyewe, na uanze na kitenzi chake. Swali likisema "thibitisha", kauli imekwisha kukubaliwa. Wewe unatakiwa kuleta ushahidi, na hakuna anayekuomba uitilie shaka. Likisema "jadili", kuna zaidi ya upande mmoja, na utangulizi wako lazima useme uko upande gani na kwa kiwango gani. "Linganisha" linataka useme tangu mwanzo vitu hivyo viwili vinakutana wapi na vinaachana wapi. "Tathmini" linataka uzito: jambo limefanikiwa kiasi gani, limepungukiwa na nini. Wanafunzi wengi maswali yote haya wanayajibu kwa sentensi moja, "Kauli hii ina ukweli kwa kiasi kikubwa kama inavyojidhihirisha katika hoja zifuatazo." Ukisema "kwa kiasi kikubwa" umeahidi kwamba kuna kiasi kidogo ambacho si kweli. Kiko wapi? Ukitafuta katika insha nzima hukioni. Kama huna mpango wa kukionyesha, usikiahidi.

Sasa tufanye mfano mmoja kwa ukamilifu. Nimetunga swali hili kwa mtindo wa yale unayokutana nayo: *"Uzembe wa mtu mmoja huwagharimu wengi." Thibitisha kauli hii kwa hoja tatu kutoka katika tamthiliya moja uliyosoma.* Wewe umechagua Ngoswe. Utangulizi ambao ningekuwekea wino mwekundu ni huu:

"Fasihi ni sanaa itumiayo lugha ili kufikisha ujumbe kwa hadhira iliyokusudiwa. Fasihi imegawanyika katika matawi mawili ambayo ni fasihi simulizi na fasihi andishi. Tamthiliya ni utanzu mmojawapo wa fasihi andishi. Uzembe ni hali ya mtu kutokuwa makini. Ngoswe Penzi Kitovu cha Uzembe ni tamthiliya iliyoandikwa na Edwin Semzaba. Kauli hii ina ukweli kwa kiasi kikubwa kama inavyojidhihirisha katika hoja zifuatazo."

Sentensi sita. Tatu za kwanza zinajibu swali ambalo halikuulizwa. Ya nne inakaribia, maana angalau inagusa uzembe, lakini maana hiyo ni pana mno: hata aliyemwaga chai kwa bahati mbaya hakuwa makini. Ya tano inataja kitabu na mwandishi, jambo la lazima, ila imelitumia sentensi nzima peke yake. Ya sita haisemi lolote. Ukiufuta utangulizi huu wote ukaacha hoja peke yake, insha haipungukiwi isipokuwa jina la kitabu.

Linganisha na huu:

"Katika tamthiliya ya Ngoswe Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, karani anatumwa kijijini kuhesabu watu, naye anaitupa kazi hiyo kwa ajili ya penzi la msichana aliyekwisha kuchumbiwa. Uzembe unaoonyeshwa hapa ni wa mtu anayeujua wajibu wake lakini akaupa mgongo kwa sababu ya starehe yake. Gharama yake haiishii kwake: inaitikisa nyumba iliyompokea, inauvuruga uchumba wa binti, na inaiangamiza kazi ya taifa zima."

Jina la kitabu na la mwandishi yamo, tena yameingia ndani ya sentensi iliyokuwa na kazi nyingine. Uzembe umepewa maana, lakini ni maana ya uzembe wa humu kitabuni, ile utakayoitumia katika kila hoja. Na sentensi ya mwisho imetaja hoja zote tatu kwa mpangilio: nyumba, uchumba, taifa, kutoka dogo kwenda kubwa. Mpangilio huo ni ahadi. Kiini chako, yaani sehemu ya hoja, kikianza na taifa, msomaji atageuza karatasi akidhani ameruka ukurasa. Kwa mwandiko wa kawaida utangulizi huu ni mistari sita au saba, na kwa insha ya kurasa mbili au tatu hiyo inatosha kabisa. Ukizidi mistari kumi, jua umeshaanza kueleza hoja ya kwanza mahali ambapo si pake.

Mara nyingi swali litataka vitabu viwili. Usiandike tangulizi mbili zilizounganishwa kwa "vilevile". Taja vitabu vyote, kisha ongeza sentensi moja inayosema vinatofautianaje katika jambo lile linaloulizwa: labda katika kimoja mzembe anajua anachofanya, katika kingine anaponzwa na woga. Sentensi hiyo moja inamwonyesha msahihishaji kwamba umevisoma vitabu hivyo pamoja.

Mwalimu wako wa kwanza hakukosea moja kwa moja aliposema uanze na maana. Kuna maswali yanayoegemea istilahi: kejeli, taharuki, mbinu rejeshi, usawiri wa wahusika, ujumi. Ukijadili matumizi ya kejeli kabla hujaonyesha kejeli ni nini, msahihishaji hawezi kujua kama mifano yako ni kejeli au ni matusi tu. Hapo fasili, na huenda fasili hiyo ikawa na alama yake. Lakini fasili neno lile lililobeba swali, kwa maneno yako, na sentensi hiyohiyo iende hadi kitabuni. Kufasili "fasihi" katika swali la kejeli ni kupanda basi la Dodoma wakati unakwenda Lindi.

Kuhusu methali, niwe mkweli: sizipendi sana mwanzoni mwa insha ya fasihi. Sizidharau methali. Ninachokiona ni kwamba wanafunzi wanazichukua kwa haraka. Kwa swali letu la uzembe, tisa kati ya kumi wangeandika "Wahenga walisema, samaki mmoja akioza huoza wote." Inasikika kama inafaa, sivyo? Itazame vizuri. Samaki anayeoza anawaambukiza wenzake kuoza, yaani tabia mbaya ya mmoja inaenea kwa wengine. Swali letu linasema jambo tofauti: mmoja anazembea na wengine wanalipa, bila wao kuwa wazembe. Mzee Mitomingi, mwenyeji wa Ngoswe, hakuambukizwa uzembe. Ukiianza insha na methali ile, umeielekeza njia nyingine, na hoja zako tatu zitakuja kuipinga. "Wapiganapo fahari wawili ziumiazo nyasi" inakaribia zaidi, kwa kuwa wanaoumia hawana hatia, lakini inahitaji fahari wawili na sisi tunaye mmoja. Methali ikilingana na swali barabara, itumie kwa furaha. Ikilingana nusu, iache.

Kaka yako naye amekupa ushauri wa mahali alipo. Chuoni wanaweza kuulizwa jinsi mazingira ya mwandishi yalivyomwathiri, na hapo historia ya mwandishi ni sehemu ya jibu. Kwako, swali lisipomwuliza mwandishi, jina lake linatosha.

Kuna jambo la muda, na kwa mtu anayeandika baada ya kutwa nzima ya kazi ni muhimu. Mtihani ni saa tatu, yaani dakika 180, kwa alama 100. Swali la insha la alama 15, ukigawa sawasawa, lina dakika 27. Humo dakika nne za mwanzo usiandike sentensi hata moja ya insha. Nenda ukurasa wa mwisho wa kijitabu cha majibu, andika hoja zako tatu kwa maneno machache, na chini yake jibu la swali kwa sentensi moja, kama lile la dukani. Ukimaliza piga mstari juu yake ili ieleweke kwamba si sehemu ya jibu. Sasa ndipo uandike utangulizi, kwa kuwa sasa unajua unatangulia nini. Wako wanaoacha mistari saba wazi juu ya ukurasa, wanaandika hoja kwanza, kisha wanarudi kujaza utangulizi. Inafaa nyumbani unapofanya mazoezi, na inakufundisha mengi. Katika chumba cha mtihani siipendekezi. Nimeona vijitabu ambavyo mistari ile ilibaki wazi kwa sababu kengele ilipiga.

Tuje kwenye hitimisho, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu ndipo wengi wanapopoteza alama bila kujua kwa nini.

Uliambiwa hitimisho ni muhtasari wa hoja. Katika kazi ya kurasa themanini ya chuo kikuu hilo lina maana: msomaji aliyesoma sura ya pili wiki iliyopita anahitaji kukumbushwa. Insha yako ni ya kurasa tatu. Msahihishaji ameisoma hoja yako ya tatu nusu dakika iliyopita. Ukimwandikia, "Kwa kuhitimisha, nimeona kuwa uzembe huvunja familia, huvuruga uchumba na huharibu kazi ya taifa," umempa sentensi ya mwisho ya utangulizi wako kwa mara ya pili. Hiyo ndiyo "umerudia" unayoandikiwa.

Swali la kujiuliza ukifika hapo ni hili: hoja zangu tatu zikikaa pamoja, zinaonyesha nini ambacho hakuna hata moja kati yake iliyokionyesha ikiwa peke yake? Mwanzoni hukuweza kulisema jambo hilo, kwa sababu ushahidi ulikuwa bado haujaletwa. Sasa umeletwa.

Turudi kwa Ngoswe. Umeeleza nyumba ilivyotikisika, uchumba ulivyovurugika, kazi ilivyoangamia. Ziweke pamoja uzitazame. Nani aliyezichoma karatasi za sensa? Si Ngoswe. Ni Mzee Mitomingi, baba wa Mazoea, yule binti aliyefuatwa na Ngoswe, tena balozi, mtu yule yule aliyempokea Ngoswe kijijini. Hoja ya kwanza na ya tatu zinakutana kwake: nyumba iliyoumizwa ndiyo iliyoiangamiza kazi. Hapo umepata la kusema:

"Aliyezichoma karatasi za sensa ni Mzee Mitomingi, mtu aliyempokea Ngoswe kwa mikono miwili. Uzembe wa karani uliharibu kazi, na kabla ya hapo ulimgeuza aliyekuwa msaada wa kazi hiyo kuwa mtu wa kuiteketeza. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania kwa makarani kubisha hodi nyumba kwa nyumba na wenyeji kukubali kuwafungulia. Karani mmoja akiivunja imani hiyo, hasara inamfikia kila anayetegemea hesabu ile kupata shule, zahanati na maji."

Hakuna hoja mpya hapo. Hakuna kilichorudiwa pia. Kauli ya swali, kwamba wengi hugharimika, imethibitika mara ya mwisho kwa njia ambayo msomaji hakuitarajia, na imetoka kitabuni ikafika nchini kwake. Katika insha kama hii mistari mitano au sita inatosha.

Umeona nimeingiza takwimu. Taarifa ya nje ya kitabu inaipa insha uzito mkubwa ikiwa inaangaza jambo lile lile ulilokwisha kulisema. Lakini iwe taarifa unayoijua kwa uhakika. Kama unachokumbuka ni milioni sitini na kitu, andika "zaidi ya watu milioni 60" uendelee. Hutakosa alama kwa hilo. Usibuni tarakimu ili sentensi ipendeze.

Sasa kuna hitimisho ambalo nadhani unalijua kwa moyo: "Hivyo basi, jamii haina budi kuelimishwa ili kuondokana na tatizo hili." Linafungia insha za ukimwi, za rushwa, za ndoa za utotoni, za uchafu wa mazingira, za kila kitu. Nimeshaeleza ubaya wa sentensi inayofaa kila swali, lakini hii ina ubaya wa ziada: mara nyingine inapingana na insha yako mwenyewe. Katika tamthiliya ile, msomi ni nani? Ni Ngoswe. Ndiye aliyetoka mjini na elimu yake, na ndiye aliyezembea. Ukimaliza kwa kusema jamii ielimishwe, umependekeza dawa ambayo mgonjwa wako alikuwa ameshakunywa. Mtu aliyeifikiria insha yake hadi mwisho hawezi kuandika hivyo. Kama kweli unataka kupendekeza jambo, sema nani afanye nini: anayewatuma makarani awafuatilie wakiwa kazini, asisubiri karatasi zirudi.

Achana pia na "Hizo ni baadhi tu ya hoja kati ya nyingi." Sentensi hiyo inamwambia msahihishaji kwamba hoja zako umeziokota zilizokuwa karibu. Uliombwa tatu, umechagua tatu zenye nguvu, simama nazo. Na ukiikumbuka hoja ya nne wakati unaandika hitimisho, nayo ni nzuri kuliko ya pili, basi rudi kiini uibadilishe kama muda upo. Kama muda haupo, isahau. Hoja iliyotupwa mwishoni bila mfano haipati alama yake, na inaiharibia sehemu iliyokuwa imekaa vizuri. Ukianza na "kwa kuhitimisha" au "kwa jumla", si dhambi; ila usiongeze "ningependa kuchukua fursa hii kusema kwamba", kwa kuwa hiyo ni ya kwenye harusi.

Hukuuliza kuhusu insha za hoja zisizo za fasihi, lakini zitakukuta, na kanuni ni ileile. Chukua "Madhara ya ukataji miti". Nyingi huanza, "Miti ni mimea mikubwa yenye mizizi, shina, matawi na majani." Hakuna msomaji asiyeujua mti. Anza na kitu unachokiona wewe. Dukani kwako pengine unauza mkaa wa kupima kwa kopo. Basi anzia hapo:

"Familia nyingi za Dar es Salaam zinapikia mkaa, na mkaa huo hautoki Dar es Salaam. Unatoka katika misitu ya Pwani, Morogoro, Tanga na Lindi. Anayenunua kopo moja jioni haoni visiki vilivyobaki nyuma. Insha hii inaeleza madhara yanayowapata wanaoishi kando ya visiki hivyo: vijito kukauka, udongo kubebwa na mvua, na safari ya kutafuta kuni kurefuka."

Ukishaeleza madhara hayo matatu, jiulize tena yakikaa pamoja yanaonyesha nini. Yanaonyesha kwamba anayepikia mkaa na anayeumia ni watu wawili tofauti, wanaoishi mikoa tofauti. Hilo ndilo hitimisho lako. Ukitaka kulifikisha mbali zaidi, unaweza kuandika kwamba Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na kwamba lengo hilo litategemea sana kama mama wa mjini ataweza kununua gesi kidogokidogo kama anavyonunua mkaa. Hayo ni mawazo ya mtu anayekaa kaunta akiona watu wananunua nini na kwa shilingi ngapi. Wewe unayo, na mwanafunzi wa bweni huenda hana. Yatumie.

Barua rasmi, hotuba na ripoti zina mwanzo na mwisho wa kimuundo, anwani na salamu na sahihi, na huko ubunifu hauhitajiki; zingatia muundo. Insha ya masimulizi ni tofauti zaidi. Kule Kenya, ambako karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, ni ya insha tupu, mbili za alama 20 kila moja, wanafunzi huombwa waandike kisa kinachothibitisha methali, au kisa kinachomalizikia kwa maneno waliyopewa. Ugonjwa wao ni ule ule wetu, ila umevaa nguo nyingine: jua lililochomoza kwa madaha na ndege waliotumbuiza, hata kama kisa kinahusu wizi wa usiku. Ukikutana na swali la namna hiyo, anza pale mambo yanapoanza kuharibika, na hakikisha pande zote mbili za methali zimo ndani ya kisa. "Mchumia juani hulia kivulini" isiishie juani. Na kama umepewa maneno ya kumalizia, yafanye yasemwe na mtu aliye na sababu ya kuyasema. Kuyabandika tu mwishoni hakutoshi.

Kwa wiki hii nakuomba usiandike insha mpya. Chukua tatu ulizorudishiwa. Kwa kila moja, funika kiini kwa karatasi uache utangulizi na hitimisho peke yake, kisha mpe mtu wa nyumbani asome utangulizi na umwombe akisie swali lilikuwa nini. Asipoweza, uandike upya. Halafu soma wewe hitimisho. Kama unaweza kulihamishia juu likawa utangulizi bila msomaji kushtuka, bado unarudia; rudi kwenye hoja zako tatu uziweke pamoja hadi uone zinachoonyesha. Usiguse kiini hata kidogo, maana umesema mwenyewe hoja unazijua nami nakuamini.

Ukimaliza nitumie moja, na uniandikie swali lake neno kwa neno juu ya ukurasa. Bila swali sitaweza kujua utangulizi wako umejibu nini.